Majivu Miguuni mwa Paka

Chumba nilichopewa kwa dada yangu kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama banda la ng'ombe. Mimi nililala kitandani, mguu wa kulia umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi pajani, na chini ya kitanda hicho hicho alijificha paka wangu. Yeye alikuwa mzima. Hakuwa na mfupa uliovunjika wala kidonda, lakini ndiye aliyekuwa hatoki kabisa. Mimi angalau nilitolewa kila siku, nimeshikwa kwapani na shemeji yangu, hadi chooni na kurudi.

Wacha nieleze tulivyofika pale. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa iliyo ndani kabisa huko Kiirua, mbali na lami, na kila asubuhi nilikuwa napanda bodaboda kwenda kazini. Asubuhi moja ya manyunyu pikipiki iliteleza kwenye matope, ikaniangukia, na mguu ukavunjika mahali pawili. Dereva aliinuka akijipangusa magoti. Nilimtukana kwa Kimeru chote nilichokuwa nacho, kisha nikamwomba anishike mkono mpaka watu waje. Sina mke wala mtoto. Hospitali iliponiruhusu kutoka, dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kianjokoma upande wa Embu, alikuja na gari la kuazima na kusema tunaenda kwake, hakuna mjadala. Nikamwambia siendi bila paka. Alinitazama, akashusha pumzi, akaenda kutafuta gunia.

Kwetu paka hahamishwi akiona njia. Anatiwa guniani na mdomo wa gunia unafungwa, ili asikariri kona akarudi alikotoka. Kutoka Kiirua mpaka Meru mjini, Chuka hata Runyenjes, nilikuwa nasikia sauti yake nyuma ya kiti changu, ndogo na ya kuchoka, na mguu wangu umenyooshwa kiasi kwamba sikuweza hata kugeuka kumwambia neno. Huyu paka wa madoa nilimwokota akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ambako mwenye nyumba alifuga mbwa wawili. Mbwa aliwazoea. Paka mwingine hakuwahi kumwona, kwa sababu hakuna paka mwingine aliyethubutu kukanyaga pale.

Tulipofika, dada hakumfungulia hivi hivi. Alimpeleka kwenye jiko la nje, lile la kuni, akamshika shingo na kumpaka majivu ya mafigani kwenye nyayo zote nne. Mama yetu alifanya hivyo nyumbani kwetu Githongo kwa kila paka aliyeletwa, na mama mkwe wa dada alifanya hivyo hivyo hapa Embu. Paka akijiramba, analamba meko ya nyumba hiyo, na tangu siku hiyo anajua ndiko kwao. Mimi wakati huo nilikuwa nabebwa kuingizwa ndani. Niliona tu paka akirushwa chumbani na miguu ya kijivu, nikashukuru moyoni kwamba dada amempokea.

Paka aliinusa miguu yake na kuingia chini ya kitanda. Hapo ndipo alipofanya makao.

Siku za mwanzo nilidhani ni uchovu wa safari. Kisha nikaanza kuangalia dirishani, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kuangalia, na nikaelewa kidogo. Kila asubuhi na kila jioni shemeji alipokaa kukamua, paka wa pale nyumbani walikuja kungoja povu la maziwa ambalo humwagwa kwenye kifuniko cha kopo la rangi. Nilihesabu wanne: jike mmoja mzee, binti yake, dume wa kijivu aliyekuja asubuhi, na dume mweupe aliyekuja jioni, wote wawili na kichwa kikubwa kama ngumi. Wangu aliwasikia kabla yangu. Walipoanza kulia huko bandani, huku chini ya kitanda alivuma kama sufuria inayokaribia kuchemka, na nilipoteremsha mkono nikamkuta amejibana ukutani, manyoya yamesimama. Alikula nikimsukumia omena, dagaa wa ziwani, kwa gongo langu, tena usiku, tena nusu. Haja zake alifanyia kwenye beseni la vumbi la mbao. Harufu ya beseni hilo tulikuwa tunaigawana.

Nami nilikuwa na mambo yangu. Barabara ya murram inapita juu ya shamba la dada, na kila bodaboda ilipopanda ule mlima mkono wangu ulikamata godoro wenyewe, bila kuniuliza. Nilikuwa nakamata godoro mpaka mlio uishe, kisha naendelea kusoma gazeti la mwezi uliopita. Sikumwambia mtu. Mtu mzima anaanzaje kusema jambo kama hilo?

Dada yangu ni mwanamke wa kazi. Anaamka kabla ya ng'ombe, anachuma majani chai, anapika githeri ya watu kumi hata kama tuko watatu, na ugonjwa usioonekana kwa macho hauamini. Alisimama mlangoni na sinia ya chai.

"Hii paka yako ni ya kushika panya ama ni ya kulazwa na wewe?"

"Inaogopa hao wenzake."

"Wamemfanya nini?"

"Hawajamfanya kitu."

"Basi," akasema, kana kwamba kesi imekwisha. Kisha akaweka sinia na kukaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo huwa halifanyi. "Sikiza. Mwenye kisiagi huko sokoni anataka paka. Panya wamemmalizia magunia. Nimemwambia aje tukimaliza kupukuchua mahindi. Kama hiyo yako itakuwa inatoka nje kama wenzake, ikae. Lakini kama bado inafanya choo kwa beseni ndani ya nyumba yangu, anaenda nayo."

Nilikijua kile kisiagi cha kusaga mahindi. Mashine yake inanguruma kutwa, na madume ya soko zima yanapigania panya nyuma yake. Paka ambaye sauti ya mwenzake inamfanya atetemeke hangemaliza wiki pale. Nilitaka kugombana, lakini nilikuwa nimelala kwenye shuka za mtu, nakula chakula cha mtu, na kupelekwa chooni na mume wa mtu. Mkunjo wa uso ndio uliokuwa wangu peke yangu. Nikaukunja.

Kilichonikera zaidi ni kwamba dada alijitahidi. Alipoona paka haachi kujificha, aliamua kwamba majivu ya kwanza hayakushika. Kwa hiyo kila baada ya siku chache aliingia na ganda la kibuyu lenye majivu mapya, akainama, akamvuta mnyonge wa watu kwa mguu wa nyuma na kumpaka upya. Kila mara alipopakwa, siku hiyo hali yake ilikuwa mbaya maradufu. Alijiramba na kujisonya, alijiramba na kurudi nyuma, kana kwamba anaikimbia miguu yake. Nami nililala juu yake kama mzee mwenye hekima, sielewi kitu.

Nilielewa asubuhi moja ya ukungu. Dume wa kijivu alitoka kwenye mlango wa jiko la kuni, akasimama katikati ya ua, akajikung'uta. Vumbi likapaa. Aliyebaki chini ya lile vumbi alikuwa dume mweupe. Hawakuwa wawili hata siku moja. Alikuwa mmoja, na alikuwa analala mafigani, ndani ya majivu ya uvuguvugu, usiku kucha.

Nilicheka hadi mguu ukaniuma, kisha hasira ikanipanda. Tulikuwa tumemchukua paka asiyewahi kumwona paka, tukamtoa guniani, na kumpaka kitanda cha dume miguuni. Halafu tukamwambia ajirambe. Hata angejificha wapi, adui alikuwa amemvaa.

"Dada, usimpake tena majivu."

"Kwa nini, na bado hajazoea?"

"Hayo majivu ndiyo kitanda cha dume lako."

Alifikiri kidogo, akaegemea mwimo wa mlango, akacheka mpaka akatoa machozi. "Kwa hivyo nimpake poda?" Lakini ganda la kibuyu hakulileta tena.

Tangu siku hiyo nikawa na kazi. Nilisoma kwenye simu hapa na pale mpaka bando ikaisha, ila mengi nilikuwa nayajua kutoka darasani. Kila mwaka kidato cha kwanza huniletea mtoto asiyeweza kusoma kwa sauti. Ukimsimamisha siku ya kwanza mbele ya wenzake, umempoteza mpaka kidato cha nne. Unamwacha asome akiwa amekaa, kisha na jirani yake tu, kisha safu moja. Hakuna ujuzi mkubwa hapo, ni kukubali kwenda polepole wakati kila mtu anataka uharakishe. Na mimi wakati ndio uliokuwa umeanza kuniishia, kwa sababu majirani walikuwa wameshaanika mahindi yao.

Shemeji alikuwa mshirika wangu. Ni mtu wa maneno machache, Mwembu mpole, anayeniita mwalimu hata ninapokuwa nimevaa leso ya mke wake kiunoni. Alibandika kurasa za kalenda kuukuu kwenye vioo vya chini vya dirisha, ili paka asiwaone wale wengine, nami nibaki na vioo vya juu. Alitoboa katoni ya mafuta ya kupikia na kuiweka juu ya kabati, ili paka apate mahali pa kukaa akiwa juu. Kisha nikamwomba akate kipande cha gunia ambalo wale paka wa nje walikuwa wanalalia mchana.

"Harufu yao tena, mwalimu?"

"Harufu yao, lakini safari hii atachagua mwenyewe."

Tuliliweka lile gunia mlangoni, na omena nikaiweka huku kwenye kona ya mbali. Alitoka chini ya kitanda, akalinusa kwa mbali, akarudi. Nikaacha. Alipozoea kula gunia likiwa pale, nikasogeza sahani kidogo kwa gongo, kiasi cha upana wa kiganja. Siku aliyokataa, nilirudisha nyuma na sikumlaumu. Nilikuwa nafanya hivyo nikiwa nimelala chali, mkono mmoja kwenye gongo, nikimwongelesha Kimeru cha kumwongelesha mtoto mchanga, na mara mbili dada alinikuta hivyo akageuza njia.

Kisha siku moja dada akaharibu kila kitu. Alikuwa amechoka na mlango kufungwa nyumbani kwake mwenyewe. Shemeji alikuwa anakata majani ya nepia ya ng'ombe kwa mashine, mlio umejaa ua mzima, na dada akaona hiyo ndiyo nafasi. Alimwinua dume mweupe kwa kifua, akafungua mlango wangu, akamweka ndani na kusema, "Wajuane, yaishe." Akaenda zake bandani.

Dume hakufanya kitu. Alikaa kwenye kizingiti na kuanza kuangalia. Wangu alikuwa kitandani kando yangu, mahali alipokuwa ameanza kupazoea, na sasa hapakuwa na njia, kwa sababu chini ya kitanda kungemsogeza karibu na mlango. Alipanda kifuani kwangu. Kucha zote zilipita kwenye shati na kuingia mwilini. Gongo lilikuwa limeegemezwa ukutani, nami sikulifikia. Nilimwita dada, nikamwita shemeji, mashine ikameza sauti. Nilimwambia dume atoke, kwa Kiswahili, kwa Kimeru, kwa Kiembu kidogo nilichojifunza, naye akakunja mkia kuzunguka miguu na kutulia kama mgeni aliyekuja kukaa. Nikahisi maji ya moto yakienea tumboni. Paka alikuwa amejikojolea juu yangu. Nililala vile, nimelowa, natokwa na damu kidogo, siwezi kuinuka wala kugeuka, moyo wake unadunda juu ya moyo wangu, na nikalia. Nililia kwa ajili ya mguu, kwa ajili ya barabara ile yenye matope, kwa ajili ya kuwa mtu mzima anayefungiwa chumbani na paka wawili. Mashine iliponyamaza, shemeji alinisikia.

Dada aliingia na beseni la maji ya moto. Aliona kifua changu, na shuka, na macho yangu. Hakusema pole. Sisi hatukulelewa hivyo. Alibadilisha shuka, akanipaka dawa, akafua. Lakini kesho yake wakati wa kukamua nikasikia kitu kikiburutwa nje ya mlango. Nikachungulia kwenye ufa. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, dume yuko miguuni pake, anamlisha povu kidogo kidogo.

"Weka omena ya yako ndani," akasema bila kugeuka. "Mbali na mlango. Sijui unafanyaga aje."

Basi tukaanza tena, na safari hii tukiwa wawili, yeye nje na mimi ndani. Huku omena, huko povu, katikati mlango. Sahani ziliposogea karibu, shemeji aliutoa mlango na mahali pake akagongomea wavu wa kuku kwenye fremu upande mmoja, wa kufungua na kufunga, ili waonane bila kugusana. Kila mgeni aliyekuja kunijulia hali alinikuta nimekaa nyuma ya wavu. Mama mmoja wa kanisani aliniombea akiwa ameshika ule wavu kwa vidole, na nikafunga macho kwa heshima. Sijawahi kujisikia kuku kiasi hicho.

Paka alivuma, akanyamaza. Akavuma kidogo zaidi, akala. Jioni moja dume alilala usingizi upande wa pili wa wavu, na wangu akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kujiramba miguu. Aliiramba yote bila kujisonya. Nilimwita dada aje aone, akaja akakausha mikono kwenye aproni na kusimama pale akitazama.

Mwenye kisiagi alikuja mapema kuliko tulivyomtarajia. Mahindi yetu hayakuwa yamekwisha kupukuchuliwa. Nilimwona kupitia vioo vya juu, mtu mnene mwenye unga kwenye nyusi, gunia limekunjwa chini ya kwapa. Ilikuwa jioni, wakati wa kukamua. Wavu ulikuwa wazi kwa mara ya tatu au ya nne tu, na paka wangu alikuwa ametoka hadi barazani tu, hajawahi kupita hapo. Nilijiburuta na magongo hadi mlangoni.

Shemeji alimwaga povu kwenye kifuniko. Wale watatu wakaja. Wangu alishuka ngazi, tumbo karibu liguse ardhi, akasimama, akasogea, akasimama. Dume aliinua kichwa. Paka wangu alirudi nyuma hatua moja, na nikajua tumeshindwa, gunia lile pale. Lakini hakukimbia. Alikaa chini, mahali pale pale alipokuwa, akangoja. Dume aliporudia povu, naye akasogea upande wa pili wa kifuniko na kuanza kulamba, masikio yamelala, jicho moja kwa jirani.

"Ni hiyo ya madoa?" mwenye kisiagi akauliza.

"Hiyo haiendi," dada akasema. "Hiyo ni ya hapa. Chukua yule binti wa jike mzee, ndiye mkali."

Nikaegemea fremu ya mlango.

Plasta ilitolewa, nikafundishwa kutembea, nikatembea. Muhula ukafunguliwa. Nikasema mguu bado unavimba. Nikasema niwasaidie kwanza na kahawa. Nikasema paka asihamishwe haraka, angechanganyikiwa. Dada alisikiliza sababu zote hizo akichambua maharagwe. Siku hizo paka alikuwa anaingia chumbani kula tu, kisha anakwaruza mlango afunguliwe. Nami nilibaki ndani. Na bodaboda ilipopanda mlima, chai yangu ilikuwa inamwagika kwenye sahani, na nilidhani hakuna anayeona.

Asubuhi moja sikuletewa chai. Nilingoja, nikatoka barazani kuuliza. Kwenye kona ya mbali ya ua, bodaboda ya jirani, binamu ya shemeji, ilikuwa imeegeshwa na kuzimwa. Huku barazani, mahali pa mbali kabisa nayo, kilikuwa kigoda, na juu ya kigoda sinia yangu ya chai na mandazi. Jirani mwenyewe alikuwa amekaa kwenye nyasi anakunywa yake, hanitazami. Dada alikuwa anafagia.

"Kunywa," akasema. "Haina haraka."

Nilikasirika kiasi cha kutaka kurudi ndani. Kisha nikakaa, kwa sababu nilikuwa na njaa. Kesho yake kigoda kilikuwa kimesogea, upana wa kiganja labda. Nikakaa nikanywa. Siku niliyoshindwa, kesho yake nilikikuta kimerudishwa nyuma, na chai ilikuwa na tangawizi. Hivyo hivyo, mpaka ikafika asubuhi ambayo sinia ilikuwa imewekwa juu ya kiti chenyewe cha pikipiki, na ili nipate chai ilibidi niishike ile ngozi kwa mkono. Ilikuwa na umande. Paka wangu alikuwa juu ya ukuta wa banda na yule dume mweupe, wanaota jua, na alinitazama kidogo tu kisha akafumba macho. Nilimaliza chai. Jirani akaniuliza kama anaweza kuwasha, nikamwambia ngoja, kisha nikamwambia haya. Dada aliacha kufagia. Nilipanda nyuma ya jirani, nikamshika kiunoni kwa mikono miwili kama mtoto, na tukaenda hadi kwenye geti.